Faiba, 5G, dishi au WiFi ya mtaa: tunahamia Ruiru, na nataka kujua kwa nini bei ziko hivi

MamaWawili

Wadau, hamjambo. Mwezi ujao tunahamia Ruiru, nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka na naifanyia nyumbani. Mume wangu hufundisha hesabu kwa video jioni, na watoto wetu wawili hupewa kazi za shule mtandaoni. Kwetu intaneti iko kundi moja na maji na stima. Ikikatika saa mbili usiku, kuna mtoto wa mtu anabaki akitazama picha iliyoganda, na mzazi wake ameshalipa.

Tulipoenda kuiona nyumba, keateka, yaani mtunza jengo, alituambia ni kampuni moja tu inayoruhusiwa kuingiza waya wa faiba kwenye jengo. Nikauliza sababu, akasema ni mapatano ya mwenye nyumba. Bei yao iko juu ya tunayolipa sasa na kasi iko chini.

Njia ninazoziona ni nne: faiba ya hiyo kampuni, ruta ya 5G, ambayo haihitaji ruhusa ya mtu, dishi la Starlink (intaneti ya setilaiti) juu ya paa, na WiFi ya kijana wa mtaa anayesambaza kwa antena. Kipimo changu ni bei zilizotangazwa hadharani. Septemba 2024 Safaricom walipandisha kasi ya faiba ya nyumbani bila kugusa bei: ya 2,999 ilitoka megabiti 10 kwa sekunde hadi 15, ya 4,100 ikatoka 20 hadi 30, ya 6,299 ikatoka 40 hadi 80, na ya 12,499 ikaruka kutoka 100 hadi 500. Starlink walikuwa wakitoza 6,500 kwa mwezi, na mnamo Agosti, mwezi mmoja tu kabla, walikuwa wameleta kifurushi cha GB 50 kwa 1,300 na dishi la kukodi kwa 1,950 kila mwezi.

Tazameni hizo tarehe. Waya ni ule ule ukutani, ruta ni ile ile. Mimi si fundi, lakini kama hiyo kasi ilikuwepo siku zote, ilikuwa imefungiwa wapi? Na nichukue ipi?

FundiNguzo

Dada, nimevuta faiba miaka tisa, Thika Road yote hiyo naijua kwa miguu. Nikujibu swali la kasi kwanza.

Ilikuwepo. Nyumba nyingi za faiba ziko kwenye mfumo unaoitwa GPON. Uzi mmoja wa kioo unatoka kituoni na gigabiti 2.5 (megabiti 2,500) za kushusha na 1.25 za kupandisha, unaingia kwenye splita, kifaa cha kuugawa, halafu unagawanywa kwa nyumba 32, pengine 64. Nyumba 32 zikiwa na megabiti 10 kila moja, jumla ni 320. Uzi bado haujachoka. Kuwapandisha hadi 15 ni kubadilisha mpangilio kwenye kompyuta ya kituo, na kununua uwezo zaidi wa kutoka nje ya nchi, ambao umekuwa ukishuka bei tangu mikonga ya baharini, zile nyaya kubwa za faiba zilizolazwa chini ya bahari, ianze kuongezeka.

Pesa imelala kwingine. Waya wenyewe ni rahisi. Ghali ni kuufikisha: ukichimba mtaro unalipa kaunti, unalipa vibarua, unalipa kurudisha lami, ukipitisha juu unalipia nguzo. Mtaa wa nyumba mia mbili unaweza kuuvutia waya wote, wakaunganishwa wateja arobaini. Hao arobaini ndio wanaobeba gharama ya mia mbili. Kampuni ya pili ikija na waya wake kwenye nguzo zile zile, inagawana nao hao arobaini. Ndiyo maana kampuni huwahi mtaa, na ikishaukamata mapema, wengine husita kuwekeza hapo.

Mapatano ya mwenye nyumba yana mzizi huo huo. Jengo la nyumba arobaini ni shamba lililokwisha kulimwa: unaleta waya mmoja hadi getini, unapata wateja kwa ngazi. Kuna wenye majengo wanaopewa intaneti ya bure, wengine kitu kidogo kwa kila mpangaji anayeunganishwa. Nimewahi kurudishwa getini na oda ya mteja mkononi, mpangaji ananiangalia kutoka dirishani. Hilo liliniuma kuliko kupanda nguzo kwenye mvua.

Kabla ya kulipa amana muulize mwenye nyumba mwenyewe, keateka mwache: kuna bomba la ziada la kupitishia nyaya kutoka getini hadi kwenye ngazi? Na hayo mapatano yanaisha lini?

MwalimuKaskazini

Nisaidieni na mimi niseme. Nafundisha shule ya msingi Turkana, nje ya Lodwar. Mnachagua kati ya vitu vinne, na huku kwa miaka mingi kilikuwepo kimoja: kupanda kilima na simu. Starlink ilipofunguliwa Kenya Julai 2023, wafadhili wa shule walituletea dishi. Linatumia paneli za sola, na nililazimika kuongeza betri kwa sababu dishi linakula umeme saa zote, hata usipopakua chochote. Vumbi si tatizo kubwa. Tatizo ni ada ya mwezi. Wafadhili wakiondoka sijui nani ataibeba.

Kinachoniumiza ni kuona watu wa Nairobi wenye faiba mlangoni wakinunua dishi kwa sababu ni kitu kipya. Mnatujazia setilaiti.

FundiNguzo

Mwalimu, uchungu wako naupokea, lakini hapo kwenye kujaza hapako hivyo. Setilaiti hizi ziko kama kilomita 550 juu na hazisimami mahali pamoja. Zikipita juu ya Turkana zinawahudumia wa Turkana, zikifika Nairobi zinawahudumia wa Nairobi. Uwezo unagawanywa kwa maeneo ya ardhini. Msongamano wa Nairobi unawaumiza wa Nairobi wenyewe: Novemba 2024 Starlink walisitisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, Kiambu ikiwemo, kwa sababu eneo lilijaa. Walifungua tena 2025.

Dada wa Ruiru, hilo linakuhusu moja kwa moja. Dishi linang'aa pale majirani wako mbali. Kila jirani anayeweka lake, fungu lako linapungua, na hakuna mtu wa kuja kuongeza uzi. Faiba ikijaa, mimi huitwa kubadilisha splita.

MwalimuKaskazini

Asante kunisahihisha, fundi. Basi nasema jambo lililobaki: ile setilaiti inapita juu yetu hata tusipoilipia. Kampuni ingeweza kutupunguzia bei sisi ambako eneo liko tupu.

HesabuKwanza

Naona mjadala unaelekea kuipigia makofi kampuni ya nje, na mimi nataka upande wa pili usikike.

Julai 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikitaka kampuni za setilaiti zisipewe leseni za kujitegemea, bali zifanye kazi kupitia kampuni zenye leseni na miundombinu nchini. Mtandaoni watu walikasirika sana. Lakini kaeni upande wa mwekezaji. Ukiwa na mnara Kenya unalipia masafa ya redio, unalipa kodi ya mapato hapa, unaajiri hapa, na unachangia 0.5% ya mapato kwenye Mfuko wa Huduma kwa Wote, ule unaopaswa kumfikishia mwalimu wa Turkana mawasiliano. Anayerusha kutoka angani naye anapaswa kuulizwa maswali hayo hayo. Nchi nyingine zimeuliza. Afrika Kusini sheria ya leseni inataka 30% ya umiliki iwe mikononi mwa makundi yaliyobaguliwa zamani, na Starlink imekwama hapo miaka. Kongo waliipiga marufuku Machi 2024, wakaja kuipa leseni Mei 2025.

Tena serikali yenyewe iko ndani ya bili yako, dada. Ushuru wa bidhaa kwenye huduma za intaneti ni 15%, ulishushwa kutoka 20% na Sheria ya Fedha ya 2023, na juu yake kuna VAT ya 16%. Piga hesabu ya 2,999: huduma yenyewe ni kama 2,250, zilizobaki karibu 750 ni za Hazina. Robo ya bei. Kampuni ikibanwa ipunguze, robo hiyo haiguswi.

MamaWawili

@HesabuKwanza, hiyo robo sikuijua, na nashukuru. Ila barua ile naipinga kwa moyo wote. Tatizo likiwa ni kodi na mfuko, kampuni ingeomba Starlink itozwe sawa na wao. Iliomba mpinzani aingie kupitia mlango wake. Ni kama muuza maziwa akimwambia chifu kwamba mwenzake asiruhusiwe sokoni mpaka maziwa yapimwe kwenye debe lake. Na tuangalie idadi: kufikia Juni 2024 Starlink Kenya ilikuwa na wateja kama 8,000. Hao 8,000 walitosha kuamsha megabiti zilizolala kwa mamia ya maelfu ya nyumba.

HesabuKwanza

Hapo umenishika. Barua ingeomba usawa wa masharti, ningeitetea mpaka mwisho. Na mambo yamejipinda tangu hapo: Mei 2025 Airtel Africa walitia saini makubaliano na SpaceX, kampuni yenye Starlink. Mlango ambao mmoja alitaka ulazimishwe kisheria, mwingine ameufungua kwa biashara.

BandariYaKale

Salaam kutoka Mombasa. Enyi vijana, mnaongea kana kwamba setilaiti ndiyo imekuja jana. Sisi tulianzia huko. Kabla ya 2009 Afrika Mashariki nzima ilitoka nje kwa setilaiti, zile za mbali za kilomita karibu 36,000, ambapo ukisema haloo unangoja jibu kama unamngoja mtu ng'ambo ya mto. Bei ilikuwa ya mabenki na mashirika ya kigeni.

Serikali ya Kenya ilichoka kungoja mradi wa kikanda wa mkonga wa EASSy, ambao mazungumzo yake yalikuwa hayaishi, nchi zikivutana juu ya nani amiliki na nani aruhusiwe kuuza. Ikaamua kuvuta wake, TEAMS, kutoka hapa Mombasa hadi Fujairah kule Emirati, kwa ubia na kampuni za simu. SEACOM, wa watu binafsi, ukawahi kuanza kazi Julai 2009, TEAMS nao ukaingia mwaka huo huo, EASSy ukafuata 2010. Mikonga mitatu katika mwaka mmoja hivi, baada ya miaka ya kukosa hata mmoja! Nilikuwa nafanya kazi karibu na bandari, nakumbuka watu wazima walivyofurahi.

Ninachotaka mkikamate ni hiki. Baharini serikali ilikataa mlango mmoja, na bei ya kutoka nje ikaporomoka. Ule ushindani ukaishia ufukweni. Kutoka Mombasa hadi mlangoni kwako, dada, kila hatua ina mwenye geti wake.

MkaziMwanza

Mleta mada, pole na hongera kwa kuhama. Huku Tanzania mwelekeo umekuwa tofauti kidogo: mkongo wa taifa ni mali ya serikali, TTCL, shirika la simu la serikali, ndio wanaouendesha, na sehemu zake zinapita kwenye njia za umeme za TANESCO. Kampuni zinakodi humo. Kwa hiyo kwenye njia kuu kati ya mikoa hakuna anayelazimika kuchimba upya. Hatua ya mwisho ndiyo inayosuasua. TTCL wana huduma wanayoiita Faiba Mlangoni Kwako, nayo ni nzuri ukiwa mtaa ambao imefika. Mimi mtaa wangu haikufika, nikabaki na ruta ya laini ya simu.

Nikuambie kuhusu hiyo ruta, kwa sababu wengi hawasemi. Mchana naipenda. Ukifika usiku, mnara ule ule unahudumia simu za mtaa mzima, na ruta yako inapanga foleni na kila anayetazama mpira. Kasi ya saa nne asubuhi na ya saa tatu usiku ni vitu viwili tofauti. Jaribu kwa mtu unayemfahamu jirani na nyumba hiyo, jioni, ndipo ulipe.

Na jambo la pili, wakuu: Mei 12, 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Huku tuliumia kwa siku kadhaa, faiba na simu zote. Nilikuwa na zabuni ya kutuma. Niliituma kwa basi, ndani ya bahasha, kwenda Dar. Uwe na faiba au 5G, zote zinaishia bahari ile ile. Ndiyo sababu siku hiyo nilitamani dishi, ila wakati huo Starlink haikuwa na leseni kwetu.

FundiNguzo

Kweli kabisa mkuu, ingawa anga nayo huanguka. Julai 24, 2025 Starlink ilizimika dunia nzima kwa saa mbili na nusu hivi, kosa la programu za ndani.

MwanaKigali

Naomba niongeze la Rwanda, kwa sababu kuna mtu atakuja kusema dawa ni mtandao mmoja wa taifa, wote wakodi humo. Sisi tulijaribu. 2013 serikali iliingia ubia na KT, kampuni ya simu ya Korea: kampuni moja ijenge 4G nchi nzima na kuiuza kwa jumla, akina MTN na Airtel wauze kwa rejareja. Kwa ujenzi walifaulu, 4G ilifika karibu nchi nzima mapema kuliko majirani wote. Lakini bei ya jumla ilikuwa juu, wauzaji hawakuwa na faida ya kuisukuma, na watu wengi wakabaki 3G huku mnara wa 4G wakiuona kwa macho. Mwishowe sera ilibadilishwa na kampuni za simu zikaruhusiwa kujenga zao. MTN wakawasha 4G yao 2023. Mtaro mmoja ni akiba kubwa. Anayeushika asipobanwa kwenye bei ya kuukodisha, akiba hiyo haimfikii mwananchi.

MjaluoTennessee

Mimi ni wa Kisumu, ninaishi Chattanooga, Marekani, na hadithi ya mji huu inaingia hapa vizuri. Kampuni ya umeme ya hapa, EPB, ni mali ya mji. Iliamua kuvuta faiba kwenye nguzo zake yenyewe ili kusimamia umeme, ikapata dola milioni 111 za serikali kuu 2009, na kufikia 2010 ilikuwa inauzia kila nyumba kwenye eneo lake gigabiti moja. Kabla haijaanza, Comcast waliishtaki 2008 ili kuizuia, wakashindwa. Leo mstari wa umeme ukianguka kwa dhoruba, mtandao huo huo unaelekeza umeme njia nyingine, kwa hiyo hata asiyelipia intaneti ananufaika.

Lakini ng'ambo ya mpaka wa EPB kuna vijiji ambavyo hadi miaka hiyo viliishi na intaneti mbovu, na EPB ilitaka kuvihudumia. Sheria ya jimbo la Tennessee inaikataza kutoka nje ya eneo lake la umeme. 2015 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilijaribu kuivuka sheria hiyo. Agosti 2016 mahakama ya rufaa ikasema haina mamlaka hayo. Waya uko, nguzo ziko, fedha ziko, jirani anaomba, na karatasi inasema hapana.

Nikifikiria Kenya Power nyumbani huwa naumia. Nguzo tayari ziko hadi vijijini, na kwenye njia zake kubwa za umeme kuna nyuzi za faiba ambazo imekuwa ikikodisha kwa kampuni za simu. Lakini kwa mtu wa kawaida nguzo imebaki kuwa kitu cha kulipiwa kodi na kampuni ya intaneti, na kodi hiyo inarudi kwenye bili yake.

AntenaYaMtaa

Hamjamzungumzia kijana wa WiFi na mimi ndiye. Si wa Ruiru, ni wa upande wa Kayole. Nanunua faiba ya biashara, naisambaza kwa antena za masafa yasiyohitaji leseni, na mama wa kibanda ananunua saa zake kwa shilingi kumi. Hakuna kampuni kubwa itakayomfuata kwa shilingi kumi.

Dada, nikushauri kwa ukweli ingawa ni biashara yangu. Kwa kazi ya video ya kila jioni, usinitegemee mimi peke yangu. Masafa hayo kila mtu anayatumia, na paa jipya la bati mbele yangu linaweza kunikatia wateja kumi. Ila muulize huyo kijana kitu kimoja: ana leseni? Mamlaka iliweka leseni ya mitandao ya jamii yenye masharti mepesi, ndiyo iliyonitoa mimi mafichoni. Asiye nayo anaweza kung'olewa antena zake wakati wowote na mteja akabaki na tokeni. Kazi hii inaweza kukua: Mawingu walianza Nanyuki na majaribio ya masafa ya televisheni yaliyokuwa wazi, na leo ni kampuni iliyovuka hadi Arusha.

MamaWawili

Nimerudi na habari, na asanteni nyote. Mzee BandariYaKale, nimemsomea mume wangu maneno yako.

Jumamosi nilimpigia mwenye nyumba mwenyewe. Mapatano hayako kwenye karatasi yoyote. Kampuni ilimwekea kamera za geti na intaneti ya bure nyumbani kwake, akamwambia keateka wengine wasiingie. Nilimweleza kwamba wapangaji wawili wa ghorofa ya kwanza, niliozungumza nao, wanataka kuhama kwa sababu hiyo hiyo. Akanyamaza kidogo. Akasema bomba la nyaya lipo, ila limejaa takataka za ujenzi, na kama kampuni ya pili italizibua kwa gharama yake, hana neno.

Ruta ya 5G tuliijaribu jioni pale pale sebuleni, tumeazimwa na jirani mtarajiwa. Saa kumi na moja ilitoa megabiti 60, saa tatu kasoro usiku ikatoa 14. Kwa somo moja la video inatosha, kwa nyumba nzima hapana. Tutaichukua ya malipo ya kabla, kama akiba ya siku faiba ikikatwa. Dishi tumeliacha, Kiambu imeshajaa mara moja, na paa si letu.

@FundiNguzo, kulizibua bomba la ghorofa tatu huchukua muda gani?

FundiNguzo

Likiwa ni saruji iliyogandia ndani, siku nzima na uombe Mungu. Likiwa ni vumbi na vipande vya mbao, saa mbili. Piga picha za mdomo wa chini na wa juu, uweke hapa kabla hawajaja. Na mwambie mwenye nyumba wakilifungua wapitishe kamba mbili ndani, moja ya waya huu, nyingine ibaki humo ikingoja wa tatu.